Mtafsiri wa Sinema ya Nyakakika

Omurushaka, Karagwe
11 Januari 2024

Mpwa wangu Nasreen,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya uzima wa watu wa umri wetu. Goti la mke wangu limegoma kupanda kilima, kwa hiyo shambani hafiki tena. Kahawa imekwisha kuvunwa. Ule mnyauko wa migomba umefika kibanja cha nyuma; nimeng'oa mashina sita kwa mikono yangu na kuyafukia. Mama mkwe wangu, Bibi Kokubanza, amehamia kwetu kutoka Nyakakika tangu Novemba. Anakaribia miaka tisini na masikio yake yanasikia kuliko yangu. Bado tunaishi kwa adabu ya mkwe na mkwe: sitazamani naye, sili naye, na nikiwa na neno nalipitisha kwa binti yake. Miaka arobaini na saba sasa.

Nimemtaja kwa sababu anahusika na ninayotaka kusema.

Jumapili iliyopita nyumba nzima ilikusanyika kutazama tamthilia yako. Mwanangu Muhammad alikuja kutoka Kayanga na wanawe, na jirani yetu Mzee Elipidius na wajukuu watatu. Mama mkwe aliketi mkekani mlangoni mwa ukumbi, mgongo kwangu, ushungi umefunika uso, ili yeye na mimi tuweze kuwa chumba kimoja bila kuvunja kitu. Jina lako likapita kwenye kioo. Watoto wakapiga makofi. Nikajisikia baba.

Kisha yule dereva wa lori akarudi kutoka safari, akaketi kitandani, mkewe akamtazama, na kabla hatujameza mate, shuka, miguu, na muziki wa zeze juu yake. Hawakusemezana hata neno moja. Mzee Elipidius alikohoa, akauliza kama bei ya sukari imepanda. Muhammad alitafuta rimoti chini ya mto ambao alikuwa ameukalia. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kama mtu aliyeitwa. Mama mkwe hakuinuka; sijui kama ni magoti au ni nini.

Nilipofika huku Karagwe kutoka Pangani mwaka 1972 tulikuwa na redio moja mtaa mzima. Mchezo wa redio ulipofika pahala pa mume na mke, tulisikia mlango ukifungwa, na baada yake jogoo akiwika. Mlango mmoja ulitosha. Mtoto alisikia mlango, mtu mzima alisikia alichosikia, na mkwe na mkwe waliendelea kunywa chai. Nyinyi mmeuvunja mlango, na nilipochungulia ndani sikuona kitu cha maana. Watu wawili wasio na la kuambiana! Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nijibu kwa karatasi. Usinitumie tena sauti kwenye simu. Ile ya mwisho ilifunguliwa na mjukuu dukani kwangu mbele ya wateja wawili, na neno la kwanza kutoka lilikuwa "kitanda". Bahasha mpe kondakta wa basi, wananijua.

Ni mimi mjomba wako,
Ilyas


Tabata, Dar es Salaam
6 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama kila mstari ulikuwa na kiboko. Hapa hatujambo. Ikram ameanza kidato cha kwanza na tayari ananirekebisha Kiingereza. Joto halisemeki. Mpe pole mkeo kwa goti. Nimeweka dawa ya kuchua kwenye bahasha hii, apake asubuhi na jioni. Bibi Kokubanza mfikishie salamu zangu kwa njia yenu hiyo ya kupitia mtu wa tatu.

Sasa tamthilia. Umesema hawakusemezana. Walisemezana, Mjomba. Walisemezana dakika nne nzima, na dakika nne hizo ndizo nilizoziandika kwa mwezi mmoja. Ukurasa wenyewe huu hapa, usome. Mume amekaa safarini wiki sita. Mke anamwambia anampenda, anamwambia amemkumbuka, na anamwambia hawatalala pamoja mpaka wapime, na kama hawezi kungoja basi avae kinga. Mume anahamaki. Anamuuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Mke anajibu kwamba hakuna aliyemfundisha, na hilo ndilo tatizo.

Mhariri wa kituo aliniita ofisini. Alisema maneno hayo ni mazito kwa familia iliyokaa kula. Nikamuuliza kuhusu shuka. Akasema shuka haina neno, shuka watu wameizoea. Basi akakata maneno na kuacha shuka. Kwa hiyo ulipotoka kusimama kwenye mvua, ulikimbia kazi ya mkasi wake, si yangu. Nimechoka, Mjomba. Wasichana wakikatika viuno saa kumi jioni, hakuna anayeinua simu. Mwanamke akitamka neno kinga, mkutano unaitishwa.

Kwa ajili hiyo nimeanza kazi nyingine. Nataka kutengeneza kipindi cha saa moja juu ya jinsi mambo haya yalivyosimuliwa kwa watu wa Kagera, toka huo mlango wako wa redio mpaka simu za leo. Nimezungumza na Bi Adelgunda, yule muuguzi mstaafu anayeishi Nyakahanga. Amenichekesha mpaka machozi, kisha hakunichekesha tena.

Alisema mwaka 1990 gari la sinema ya afya lilifika Nyakakika, likatandika shuka nyeupe kwenye ukuta wa shule. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Walimtafuta mtu wa kutafsiri kwenye kipaza sauti. Ilipofika sehemu ambayo daktari anaonyesha jinsi ya kuvaa kondomu, akitumia ndizi, mtafsiri alitangaza kwamba hapa bwana shamba anaonyesha namna ya kukinga ndizi na wadudu. Enzi hizo fukusi walikuwa wanamaliza migomba, watu wakasikiliza kwa makini. Mzee mmoja aliinuka kuuliza mifuko hiyo inapatikana wapi. Wiki iliyofuata kuna mikungu ilionekana imevalishwa nailoni. Bi Adelgunda anasema mpaka leo Nyakakika wanamwita mtu huyo Bwana Shamba wa Sinema.

Kisha akaniambia kwamba Mama alikuwepo, amekaa karibu naye, mimi nikiwa mgongoni. Watu walipocheka, Mama hakucheka. Na kesho yake alikwenda kumuuliza mtu swali. Nilimuuliza Bi Adelgunda ni nani na ni swali gani. Alisema, "Hilo si langu kulitoa."

Mjomba, Baba alikufa nikiwa na miaka sita, Mama nikiwa na minane. Sina neno lake hata moja kuhusu kitu kilichomuua. Kila mtu aliniambia alikuwa na homa. Nataka kujua aliuliza nini na alijibiwa nini. Wewe ulikuwa ndugu yake pekee huko. Mtafsiri yule alikuwa nani?

Mpwa wako,
Nasreen


Omurushaka
20 Machi 2024

Mpwa wangu,

Ramadhani imetufikia salama, na mvua za masika pamoja nayo. Dawa ya goti inafanya kazi, au mke wangu anasema hivyo ili nisikununie. Salamu zako zilipitishwa. Mama mkwe alijibu kwa Kinyambo kwamba wewe una sauti ya mama yako, ingawa hajakusikia tangu ulipokuwa mtoto. Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na mambo.

Umeomba historia, nami nimeishi ndani yake, kwa hiyo andika.

Baada ya mlango wa redio ilikuja sinema ya Kihindi kule Bukoba. Nilikwenda mara mbili kwa mwaka nikifuata bidhaa. Mwanamume na mwanamke wanakaribiana, wanakaribiana, halafu kioo kinaonyesha maua mawili yakigusana kwa upepo. Ukumbi mzima uliguna kwa maua. Nakuambia kweli, sijawahi kuona watu wazima wakihemewa na maua namna ile.

Kisha, miaka ya tisini, magazeti ya katuni. Wanawake wenye makalio kama magunia ya kahawa na wanaume macho yamewatoka. Niliyauza mimi mwenyewe, nikiyakunja ndani ya gazeti la serikali. Mteja alisema "nipe lile la ndani" na sote tukajifanya ni habari za bunge. Wakati huohuo, ukutani pa zahanati palibandikwa bango la mwanamke wa gauni jekundu, anatabasamu, na chini ya gauni ni mifupa. Chini yake, neno moja tu: Jihadhari. Tulizika watu kila wiki, Nasreen. Kuna nyumba zilibaki na bibi na wajukuu tu. Bango lilituambia kwamba kifo kimevaa gauni, halikutuambia kiliingiaje. Wanaume wakaogopa magauni mekundu.

Baadaye mabango yakawa ya vijana wanaocheka, meno meupe, kama tangazo la dawa ya mswaki. Zikaja filamu zetu za kanda, mwanamke anatoka bafuni na kanga moja kila baada ya dakika kumi, hata kama hadithi ni ya msiba. Na sasa simu. Juzi mjukuu wangu wa miaka minne alinionyesha mtindo wa kucheza alioujifunza humo. Nilimwambia akae chini. Akaniuliza kwa nini, na mimi mwenye vitabu rafu tatu sikuwa na jibu analoweza kulielewa.

Kwa hiyo mashitaka yangu ni haya: zamani tulificha, na tulijua tunaficha. Leo mnaonyesha, na mnadhani mmesema.

Kuhusu mtafsiri wa Nyakakika, wakati ule waliojua Kiingereza walikuwa wengi kiasi. Walimu walikuwepo, watumishi wa misheni walikuwepo. Bi Adelgunda naye ni mtu mzima sasa, kumbukumbu huchanganya. Mama yako alikuwa mwanamke mwenye heshima na alikupenda. Hilo ninalijua.

Futari njema,
Mjomba Ilyas


Tabata
16 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo, na Idi njema iliyopita.

Tuko salama. Ikram alipata malaria, amepona. Tabata mafuriko yamechukua ukuta wa jirani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni nzuri, nitaitumia kwenye kipindi, nitaomba ruhusa yako kwa kila mstari. Umejibu maswali yote ambayo sikuuliza. Redio, maua, magazeti, mabango, kanga, simu. Swali moja nililouliza umelipa mistari minne, na katika mistari hiyo umemzeesha Bi Adelgunda, ambaye amekupita miaka miwili tu.

Sitauliza tena ni nani. Nina ombi jingine, jepesi. Bi Adelgunda alitunza karatasi ya maneno ya filamu ile. Ilipigwa chapa kwa Kiingereza, wauguzi walipewa wakasome kabla. Amenitumia nakala, nami nimeiambatisha. Kiingereza chake ni cha kizamani na mimi ninataka Kiswahili kinachosemeka na mtu, si cha vitabuni. Sijui mtu anayeandika Kiswahili vizuri kuliko wewe.

Nitafsirie, Mjomba. Ni ukurasa mmoja.

Nasreen


Omurushaka
12 Mei 2024

Nasreen,

Sote wazima. Nakutumia senene, walianguka kwa wingi mwezi uliopita, mke wangu amewakaanga na chumvi kidogo. Usiwaache kwenye mfuko wa nailoni, watalowa.

Miwani yangu imevunjika mkono mmoja. Karatasi yako sijaweza kuishughulikia. Mambo mengine yameshalala, na aliyelala haamshwi ili aulizwe kama amelala.

Ilyas


Tabata
29 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Senene wamefika wakavu. Ikram amekula nusu akiwa amefumba macho, nusu ya pili akiwa amefumbua. Mshukuru mkeo.

Nilitaka nikuandikie kwa hasira, nikaandika, nikachana. Hii ni ya pili.

Nitakuambia ninachokumbuka. Mwaka ule wa mwisho Mama alikuwa analala chumba cha nyuma kwako, chenye dirisha la kuelekea migomba. Mimi nilikuwa namletea uji. Siku moja nilimuuliza anaumwa nini. Aliniangalia muda mrefu, akafungua mdomo, na nilijua anataka kuniambia. Halafu alisikia hatua zako ukumbini, akaufunga. Akaniambia niende nikacheze.

Mjomba, siulizi ili nikushitaki. Mimi nina binti wa miaka kumi na minne. Juzi aliniuliza jambo ambalo wasichana huuliza, nikiwa nachambua mchele. Mimi, ninayeandika mambo haya na kulipwa kwa kuyaandika, mimi ninayemtukana mhariri na mkasi wake, nilimwambia, "Nenda kasome." Nilisikia sauti yangu. Niliijua imetoka wapi.

Kama hukuweza kuitafsiri karatasi, irudishe. Ila usiniambie ni miwani.

Nasreen


Omurushaka, Karagwe
7 Julai 2024

Mpwa wangu Nasreen, binti Mwaja,

Nakusalimu na nyumba yako. Kwetu kiangazi kimeanza, kahawa imeanikwa mpaka uwani, kuku wanafukuzwa kutwa. Goti la mke wangu ni lilelile. Miwani yangu haikuvunjika, unajua.

Mtafsiri alikuwa mimi.

Nadhani ulijua toka barua ya pili, na umeniachia mlango wazi miezi mitano ili niingie mwenyewe. Hiyo ni adabu uliyoipata kwa mama yako.

Walinifuata dukani mchana ule kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari Tanga, nina Kiingereza, na Kinyambo nilikuwa nimekwisha kukishika. Nilipanda kwenye gari lao kwa furaha, nakiri, kama mtu aliyepewa cheo. Karatasi ile hawakunionyesha. Walisema nitasikiliza na kutafsiri papo hapo. Nusu ya kwanza nilitafsiri vizuri. Kisha daktari kwenye filamu akachukua ndizi, akafungua kile kipakiti, na nikageuza macho kutoka kwenye picha. Safu ya mbele kabisa, kwenye mkeka, mikono mapajani, alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Ungekuwa umezaliwa mwanamume na kuoa huku ungeelewa. Mimi sikuruhusiwa kutaja hata tumbo la mke wangu mbele ya mwanamke yule. Na hapo nilikuwa na kipaza sauti kinachosikika mpaka bondeni, na watu mia tatu wakisubiri mdomo wangu. Ndizi ilikuwa mbele yao. Nikasema ndizi. Nikasema wadudu. Vijana waliokuwa nyuma walielewa wakaangua kicheko, wakulima wakanyamaza kusikiliza. Mzee aliyeinuka kuuliza mifuko inapatikana wapi ni jirani yangu huyu Elipidius, wakati huo akiishi Nyakakika. Nilimjibu kwamba itatangazwa. Tumekuwa majirani miaka ishirini na hajawahi kunikumbusha. Aliwahi kunipa shina la mgomba wa aina mpya, akasema, "Huyu havalishwi kitu," akaenda zake. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopata duniani.

Watu wamecheka miaka thelathini na minne, nami nikawaacha wacheke, kwa sababu kicheko kilifunika kilicho chini yake.

Sasa swali la mama yako. Baba yako Seif alikuwa akipeleka kahawa upande wa Bugomora na Murongo, na kuivusha mpaka wa Uganda, akikaa huko wiki tatu, wiki nne. Kila mtu alijua jinsi wafanyabiashara wa mpakani walivyoishi. Mama yako Mwaja hakuwa mkulima na hakuwa mjinga. Alikuja dukani asubuhi iliyofuata, wewe ukiwa mgongoni umelala. Aliomba chumvi. Aliposimama pale nikajua si chumvi.

Akasema, "Kaka, ile ndizi ilikuwa ndizi kweli?"

Nikamwambia alisikia nilivyosema.

Akasema, "Seif anarudi Alhamisi."

Nikampimia chumvi.

Hayo ndiyo yote, Nasreen. Nimeyageuza kila upande na hayaongezeki. Somo wake, mwanamke aliyepaswa kumfundisha mambo ya unyumba, alibaki Pangani. Mimi ndiye niliyemleta Mwaja huku akaolewa mbali na kila mwanamke ambaye angeweza kumuuliza. Alikuwa na mimi tu. Ndugu wa kiume haulizwi jambo kama lile, naye aliuliza. Alivuka mpaka huo peke yake, akanikuta nimesimama upande wa pili nikiwa na kijiko cha chumvi mkononi. Huenda alikuwa amekwisha kuambukizwa. Huenda hakuwa. Nimeishi ndani ya hiyo huenda kuliko nilivyoishi katika nyumba hii.

Nilikukasirikia Januari kwa watu wawili wasiosemezana kitandani. Kumbe nilikuwa namkasirikia mhariri wako, na mhariri wako ni mimi. Picha niliiacha, maneno niliyatoa. Hata sababu zetu ni moja: kuna mtu wa heshima amekaa mbele.

Juu ya mtu huyo wa heshima sina budi kukuambia lililotokea wiki iliyopita. Nilimwambia mke wangu ninataka kuzungumza na mama yake. Tulivuta pazia katikati ya ukumbi, yeye akakaa upande wake na mimi wangu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimsemesha bila mjumbe. Nilimweleza kwa Kinyambo kwamba siku ile ya sinema nilidanganya, kwa ajili ya kumstahi yeye. Nilimwomba radhi kwa kulitaja hata sasa.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi nimelima migomba tangu sijang'oa meno ya utoto. Ulidhani niliamini ni wadudu?"

Akaendelea bila kungoja.

"Nilikuwa na vijana wanne nyumbani. Muuguzi alisema kutasemwa jambo la kuwaokoa. Nilikwenda mapema nikakaa mbele nisikie vizuri."

Kati ya wanne wale tulizika wawili, Cassian na Mutalemwa, ndani ya mwaka mmoja. Nilichimba kaburi la Mutalemwa pamoja na wengine. Mama mkwe alikaa na jambo hili miaka yote hiyo, akila chakula kilichotumwa kutoka nyumbani mwangu, kwa sababu naye alikuwa ananistahi mimi.

Pazia halikufunguliwa. Ila alipoondoka alisema karatasi hiyo nikishaitafsiri nimsomee. Nimemsomea jana. Alinirudisha mara mbili pahala nilipopunguza sauti.

Hii hapa. Nimeacha Kiingereza chake, nimeandika kama ningesema:

Ugonjwa huu hauonekani usoni. Mtu mnene, mwenye afya, anayecheka, anaweza kuwa nao. Mume aliyesafiri anaweza kuwa nao, na mke aliyebaki anaweza kuwa nao, na kila mmoja asijue. Hauletwi na uchawi wala na nguo. Unapita katika kulala pamoja, mwanamume na mwanamke, hata wakiwa wameoana kwa ndoa halali. Ninachokishika hiki kinaitwa kondomu. Mwanamume huivaa uumeni kabla ya kumwingilia mwanamke, kila mara, mpya kila mara. Ndizi hii ni mfano tu. Mke anaweza kumwambia mumewe aivae. Kumwambia si kumtukana, wala si kukiri kosa. Kama huna hakika, muulize mtu anayejua. Kama unajua, na umeulizwa, jibu.

Sentensi ya mwisho haimo kwenye karatasi. Nimeiongeza mimi. Ukitaka, ikate.

Umwite Ikram, uache mchele, umjibu alilouliza. Kisha mlete mpiga picha wa kipindi chako, mwezi wowote kabla ya mvua. Nimezungumza na mwalimu mkuu wa Nyakakika. Ukuta ule bado upo na umepakwa chokaa upya. Nitasimama palepale na kusoma ukurasa huu kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, kwa kipaza sauti, mbele ya atakayekuja. Elipidius ameahidi kuinuka na kuuliza swali.

Mama mkwe ameagiza mkeka wake uchukuliwe. Anasema atakaa mbele.

Mjomba wako,
Ilyas